Makaa ya Cornwall na Msingi wa Ulimwengu

Katika rasi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, watu walichimba bati na shaba kwa karne nyingi, na kadiri walivyokwenda chini ndivyo maji yalivyozidi kuwafuata. Mgodi usiokaushwa huishia kuwa kisima. Mwanzoni mwa karne ya 18 ilipatikana injini ya mvuke ya kuvuta maji: Thomas Newcomen, mfanyabiashara wa vyuma kutoka Dartmouth katika jimbo jirani la Devon, alisimamisha injini yake mwaka 1712 karibu na ngome ya Dudley, na baada ya muda mitambo ya aina hiyo ikaenea katika migodi mingi. Kwenye machimbo ya makaa ya mawe injini hiyo ingeweza kuchoma kupita kiasi bila mtu kuumia, kwa kuwa makaa yalikuwa palepale mlangoni. Cornwall haikuwa na makaa. Yaliletwa kwa meli kutoka kusini mwa Wales, yakapakuliwa bandarini, kisha yakapandishwa hadi mgodini kwa nyumbu na mikokoteni. Mwenye mgodi aliona fedha yake ikipaa na moshi kila siku. Kwa hiyo mafundi wa huko walishikwa na swali moja lililowanyima usingizi: kwa makaa kiasi hiki, tunaweza kutoa maji kiasi gani, na je, uwezo huo una kikomo? Swali hilo la watu wenye matope miguuni ndilo lililozaa wazo la entropia, ambalo leo baadhi ya wanafizikia wanalitazama kama jambo lililo chini kabisa ya maumbile, chini ya nguvu ya mvutano na chini ya anga lenyewe.

Inafaa kuwakaribia mafundi hao ili tuone walikuwa wakipima nini. Katika majira ya baridi ya 1763 na 1764, James Watt, fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Akagundua kwamba kila pigo la pistoni lilianza kwa kuijaza silinda mvuke wa moto na kuishia kwa kuipoza silinda ileile kwa maji baridi, hivyo sehemu kubwa ya mvuke uliofuata ilipotea kwa kuipasha moto upya. Mwaka 1765 alipata dawa: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, na silinda ibaki na moto wake. Alipata hataza mwaka 1769, akashirikiana na Matthew Boulton wa Birmingham, nao wakawatoza wenye migodi theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Ili malipo yasibishaniwe, walifunga kwenye boriti ya injini kisanduku chenye kihesabio cha mapigo, kikatiwa kufuli. Hataza ilipokwisha mwaka 1800, mafundi wa Cornwall walichukua kazi mikononi mwao, na kuanzia mwaka 1811 Joel Lean akawa anachapisha ripoti ya kila mwezi iliyoonyesha kila injini imeinua pauni ngapi za maji kwa futi moja kwa busheli moja ya makaa. Mwanzoni wastani ulikuwa chini ya pauni milioni 20. Mwaka 1835 injini iliyojengwa na William West katika mgodi wa Fowey Consols ilijaribiwa ikavuka milioni 120. Ripoti zilisomwa kwa hamu, na fundi aliyepitwa mwezi huu alijua kapitwa na nani. Hakuna aliyejua kama ngazi hiyo ina kipandio cha mwisho.

Jibu lilitoka Ufaransa, kwa kijana ambaye baba yake alimpa jina la mshairi Saadi wa Shiraz. Sadi Carnot, mhandisi wa jeshi, alichapisha mwaka 1824 kitabu kidogo chenye kurasa 118 kuhusu nguvu itokayo kwenye moto. Baba yake, Lazare Carnot, alikuwa amechunguza mashine zinazoendeshwa na maji, na mwana alilitazama joto kwa jicho hilohilo: kama gurudumu linavyozungushwa na maji yanayoporomoka kutoka juu kwenda chini, ndivyo injini inavyoendeshwa na joto linaloshuka kutoka penye moto kwenda penye baridi. Mapato makubwa kabisa hayategemei ustadi wa fundi, wala kama ndani ya silinda mna mvuke, hewa au pombe. Yanategemea jotoridi mbili tu, ile ya tanuri na ile ya kipozeo. Kwa hesabu za leo, injini yenye mvuke wa nyuzi 150 na kipozeo cha nyuzi 40 inafanya kazi kati ya kelvini 423 na kelvini 313. Tofauti ni 110, na 110 kwa 423 ni asilimia 26. Asilimia 74 iliyobaki hakuna fundi atakayeiokoa, awe West au atakayezaliwa baada ya miaka elfu. Carnot alifariki kwa kipindupindu mwaka 1832 akiwa na miaka 36, na nyaraka zake nyingi ziliteketezwa kwa hofu ya ugonjwa. Jambo la kushangaza ni kwamba alipokiandika kitabu chake alilichukulia joto kuwa aina ya kimiminika, dhana iliyokuja kuanguka. Dhana ilianguka, kikomo chake kikabaki kimesimama.

Kazi ya kupatanisha ilimwangukia Rudolf Clausius, Mjerumani, pamoja na William Thomson wa Glasgow ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin. James Joule wa Manchester alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1840 kwamba kazi hugeuka joto kwa kiwango kisichobadilika, hivyo joto si kimiminika kinachopita kikabaki kilekile. Mwaka 1850 Clausius alieleza kwamba sehemu ya joto hugeuka kazi na sehemu nyingine hushuka kama Carnot alivyosema. Mwaka 1865 akakipa jina kiasi kilichokuwa kimejificha ndani ya hesabu hiyo: entropia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko. Kanuni yake inaingia kwenye daftari la duka. Joto likihama, ligawanye kwa jotoridi ya pale lilipo. Joule 1,000 zikitoka kwenye tanuri la kelvini 423, tanuri linapoteza 2.36. Joule hizohizo zikiingia kwenye maji ya kelvini 313 bila kufanya kazi yoyote, maji yanapata 3.19. Ulimwengu umeongezewa 0.83, na nyongeza hiyo haifutiki. Nishati yote ipo, hata joule moja haijapotea, lakini nafasi ya kuitumia imekwenda. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Clausius aliweka tarakimu kwenye methali hiyo, kisha akaieneza kwa vyote vilivyopo: nishati ya ulimwengu haibadiliki, na entropia yake haiachi kupanda.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapoanzia. Daftari la Clausius halikujua chochote kuhusu vitu vimeumbwa na nini. Lilihesabu joto na jotoridi, basi. Wengi wamelichukulia hilo kuwa udhaifu: entropia, wanasema, ni kanuni ya wahandisi, na ukweli wa maumbile uko kwingine, kwenye chembe na nguvu zinazozisukuma. Historia inashuhudia vingine. Kila mara wanafizikia walipokuta entropia mahali ambapo hawakutegemea kitu chochote kilichojificha, baadaye walikuta umati wa vitu vidogo visivyoonekana. Ilitokea kwa maada, ikatokea kwa nuru. Dalili ya mvua ni mawingu, na entropia imekuwa wingu hilo kwa miaka zaidi ya 150. Ikiwa sasa imejitokeza kwenye anga tupu na kwenye nguvu ya mvutano, tuna sababu nzito ya kudhani kwamba navyo ni kazi ya umati, na kwamba sheria tulizodhani ni za msingi ni sheria za wingi.

Mara ya kwanza ilikuwa Vienna. Mwaka 1877 Ludwig Boltzmann alionyesha kwamba entropia ni hesabu ya njia. Chukua kete 20 za bao, zitie alama ili kila moja ijulikane, kisha zitupe ovyo katika mashimo mawili. Kuna njia moja tu ya kete zote kuangukia shimo la kushoto, lakini kuna njia 184,756 za kupata 10 huku na 10 kule. Hakuna nguvu inayozivuta kete zigawane sawasawa. Zinagawana kwa sababu mgawanyo huo una milango mingi zaidi ya kuingilia. Kete 20 zinaweza kukushangaza mara moja katika majaribio milioni, lakini gramu 1 ya maji ina molekuli zinazoandikwa kwa tarakimu 3 ikifuatwa na sifuri 22, na kwa idadi hiyo mshangao hautokei kamwe. Joto linahama kutoka kwenye chai kwenda kwenye hewa ya chumba kwa sababu hiyohiyo tu: hali ya kuenea ina njia nyingi mno kuliko hali ya kukusanyika. Entropia, kwa Boltzmann, ni logi ya idadi ya njia hizo. Mlinganyo huo, kwa umbo alilouandikia mwanafizikia Max Planck, umechongwa kwenye kaburi la Boltzmann katika makaburi makuu ya Vienna, juu ya kichwa cha sanamu yake.

Wenzake hawakumkubali kwa urahisi. Ernst Mach alizikataa atomu kwa kuwa hakuna aliyeziona, na Wilhelm Ostwald alitaka fizikia isimame juu ya nishati peke yake. Pingamizi kali zaidi lilitoka kwa rafiki yake Josef Loschmidt mwaka 1876: mwendo wa molekuli ukigeuzwa nyuma unafuata sheria zilezile, sasa mwelekeo wa upande mmoja unatoka wapi? Boltzmann alijibu kwamba mwelekeo hautoki kwenye sheria ya molekuli moja, unatoka kwenye wingi wa njia. Kurudi nyuma kunawezekana, ila njia zake ni chache kiasi kwamba umri wa dunia hautoshi kukusubiri. Alijiua mwaka 1906 huko Duino, karibu na Trieste, kabla ya kushuhudia ushindi wake. Mwaka mmoja kabla, Albert Einstein alikuwa ametumia takwimu za aina hiyohiyo kukokotoa jinsi punje ndogo zinavyotikiswa ndani ya maji, na kuanzia mwaka 1908 Jean Perrin alizipima Paris akapata idadi ya molekuli iliyokubaliana kutoka njia kadhaa tofauti. Ostwald akasalimu amri. Daftari la mafundi wa makaa lilikuwa limefichua atomu kabla ya chombo chochote kuziona.

Mara ya pili ilihusu nuru, ambayo kila mtu aliamini ni wimbi lisilo na vipande. Planck alikuwa akichunguza mng'ao wa vitu vilivyopashwa moto, na tarehe 14 Desemba 1900 aliwaeleza wanafizikia wa Berlin kwamba mlinganyo sahihi unapatikana ukikokotoa entropia kwa mtindo wa Boltzmann, mtindo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutilia shaka kwa miaka. Ili ahesabu njia ilimlazimu akate nishati vipande. Aliviona vipande hivyo kama ufundi wa hesabu. Einstein, aliyekuwa karani wa hataza mjini Bern, ndiye aliyevichukua kwa uzito mwaka 1905, na njia aliyopitia ilikuwa entropia yenyewe. Gesi ikibanwa kutoka chumba kizima hadi nusu, entropia yake hushuka kwa namna inayotegemea idadi ya molekuli, kwa kuwa kila molekuli moja moja ina nafasi ya nusu kwa nusu kuwa upande huo. Einstein akaangalia nuru hafifu ya upande wa urujuani na kukuta entropia yake inashuka kwa namna ileile. Akahitimisha kwamba nuru nayo inafanya kana kwamba ni umati wa vipande vinavyojitegemea. Miaka mingi wenzake waliikataa hoja hiyo, hadi majaribio ya Arthur Compton ya mwaka 1923 yalipowageuza wengi. Fotoni, yaani kipande hicho cha nuru, nayo ilifika kupitia mlango wa entropia.

Mara ya tatu inaanza na kikombe cha chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Wheeler, profesa wa Princeton, alimtania mwanafunzi wake Jacob Bekenstein kwamba kila akiweka chai ya moto karibu na chai baridi anajiona mhalifu, maana joto likichanganyika ameiongezea dunia entropia ambayo haitafutika. Lakini akipita jirani na shimo jeusi anaweza kuvitupa vikombe vyote ndani na kuuficha ushahidi. Bekenstein alirudi na jibu ambalo halikuwa mzaha: ushahidi haufichiki, kwa sababu shimo jeusi lenyewe lina entropia, nayo ni sawia na eneo la uso wake. Stephen Hawking alikuwa amethibitisha mwaka 1971 kwamba eneo hilo halipungui katika fizikia ya Einstein, lakini yeye na wenzake waliona mfanano na entropia kuwa wa sura tu, kwa kuwa kitu chenye entropia sharti kiwe na jotoridi, na kitu chenye jotoridi sharti kitoe mng'ao, wakati shimo jeusi halitoi kitu. Mwaka 1974 Hawking mwenyewe, akiingiza nadharia ya kwanta kwenye hesabu, akakuta linatoa. Jotoridi ya shimo lenye uzito wa jua ni ndogo mno, takriban sehemu 6 za kelvini moja iliyokatwa vipande milioni 100, lakini si sifuri. Entropia yake ni moja ya nne ya eneo la uso, likipimwa kwa vipimo vya Planck. Ukiiandika kwa kipimo cha Boltzmann unapata tarakimu yenye sifuri takriban 77. Jua lenyewe, lenye uzito uleule, lina sifuri 58 hivi. Mwaka 2021 watafiti waliochambua mawimbi ya mvutano yaliyonaswa tarehe 14 Septemba 2015 walikuta eneo la shimo lililozaliwa si dogo kuliko jumla ya maeneo ya mashimo mawili yaliyogongana, kama Hawking alivyosema.

Tazama uzito wa jambo hili. Kwa nadharia ya Einstein ya mwaka 1915, shimo jeusi halina sehemu za ndani zinazoweza kupangwa namna hii au ile; ni anga lililojikunja, lenye uzito, mzunguko na chaji, basi. Ni tupu na rahisi kuliko gesi yoyote. Na bado daftari linadai lina njia nyingi kuliko nyota iliyolizaa. Nani anahesabiwa humo? Mwaka 1995 Ted Jacobson wa Chuo Kikuu cha Maryland aliligeuza swali. Hakuanza na mlinganyo wa Einstein ili afike kwenye entropia; alianza na entropia. Alichukua mambo mawili: kwamba kila mpaka unaomzuia mtazamaji kuona ng'ambo una entropia sawia na eneo lake, na kwamba mtazamaji anayeongeza mwendo katika utupu huhisi joto, jambo lililogunduliwa na William Unruh mwaka 1976. Kisha akatumia kanuni ya Clausius, ileile ya tanuri na kipozeo: joto sawa na jotoridi mara badiliko la entropia. Mlinganyo wa Einstein ukatoka wenyewe mwishoni. Maana yake ni kwamba huenda mlinganyo huo mtukufu ni wa aina moja na ule unaounganisha kanieneo, ujazo na jotoridi ya gesi: kweli kabisa, lakini ni habari ya umati, haimtaji hata mmoja wa waliomo.

Mwaka 2010 Erik Verlinde wa Amsterdam alikwenda mbali zaidi, akasema mvutano si nguvu ya asili, ni msukumo wa entropia. Neno hilo lisimtishe msomaji, kwa sababu msukumo wa namna hiyo anaushika kila anayevuta manati. Ndani ya mpira mna minyororo mirefu ya molekuli. Ikijikunja ovyo ina njia nyingi za kukaa, ikinyooshwa ina chache. Mpira haurudi kwa sababu molekuli zake zinavutana kama sumaku. Unarudi kwa sababu kujikunja kuna milango mingi. Ushahidi ni rahisi: ning'iniza uzito kwenye ukanda wa mpira, uumwagie maji ya moto, na wakati vyuma vingi vingerefuka, ukanda unafupika, kwa kuwa joto linaupa msukumo wa entropia nguvu zaidi. Verlinde anapendekeza kwamba embe linaanguka kutoka mtini kwa sababu ya namna hiyo. Thanu Padmanabhan wa Pune, India, naye alitumia miaka mingi kujenga hoja za jamaa hiyo kwa njia zake.

Mapingamizi yapo, na hayastahili kupuuzwa. La kwanza linasema entropia ni kipimo cha kutojua kwetu: tunahesabu njia kwa sababu hatuoni chembe zimekaa vipi, na kutojua kwa binadamu hakuwezi kuwa msingi wa ulimwengu. Mwanafizikia Edwin Jaynes aliisisitiza sura hii ya entropia kwa nguvu, na ni kweli kwamba hesabu ya njia hutegemea umeamua kupima nini. Lakini barafu juani huyeyuka hata kama hakuna anayeitazama. Isitoshe, mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba kufuta biti moja ya kumbukumbu kuna gharama ya chini kabisa ya joto, ambayo katika jotoridi ya chumba ni takriban joule 3 zilizogawanywa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 21. Jaribio la mwaka 2012 lililofanyika Lyon, kwa punje moja iliyoshikwa na miale ya leza, lilikaribia kikomo hicho kama kilivyotabiriwa. Kama taarifa ikifutwa inatoka jasho la kupimika, basi taarifa ni jambo la maumbile, si la vichwa vyetu tu.

La pili linaishambulia nadharia ya Verlinde moja kwa moja. Mwaka 2002 watafiti wa Grenoble walidondosha nyutroni za mwendo mdogo sana juu ya kioo, nazo zikaonekana kukaa kwenye vimo maalumu vinavyopimwa kwa maikromita, kama kwanta inavyotaka chini ya mvutano wa kawaida. Mwanafizikia Archil Kobakhidze alihoji mwaka 2011 kwamba msukumo wa entropia, ambao kwa kawaida huja na vurugu, ungevuruga utulivu huo. Vilevile, Verlinde alipojaribu mwaka 2016 kueleza mwendo wa galaksi bila maada ya giza, baadhi ya vipimo viliafikiana naye na vingine vikamkataa. Nakubali kwamba nadharia yake, kwa sura aliyoitoa, haijathibitika na huenda ikaanguka. Ila tukumbuke Carnot. Kimiminika chake cha joto kilianguka na kikomo chake kikabaki. Hoja ya Jacobson haisimami juu ya ukanda wa mpira. Inasimama juu ya eneo, jotoridi na kanuni ya Clausius, na nyutroni za Grenoble hazijaigusa.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Hesabu inahitaji kinachohesabiwa. Huwezi kusema ulimwengu umejengwa kwa entropia, kama usivyoweza kusema soko limejengwa kwa jumla ya mauzo. Hapa msemo wa kwamba entropia ndiyo msingi unahitaji kunyooshwa. Entropia si matofali. Ni ushahidi kwamba matofali yapo, na zaidi ya hapo ni ushahidi kwamba sura ya nyumba inatokana na wingi wao kuliko tabia ya tofali moja. Kwa sababu hiyo daftari la Clausius lilivuka salama kutoka kimiminika kwenda molekuli, na kutoka wimbi kwenda fotoni, huku nadharia za matofali zikibadilishwa mara kwa mara. Kwa maana hiyo, na kwa hiyo tu, inastahili kuitwa ya msingi: ni sheria ambayo hadi leo hakuna mabadiliko ya nadharia yaliyoing'oa. Inabaki pia siri ya mwanzo. Nuru ya kale tunayoinasa kutoka pande zote, iliyotoka wakati ulimwengu una umri wa miaka 380,000 hivi, ni sawasawa kila upande kwa tofauti ya sehemu moja katika 100,000, na kwa mfumo unaotawaliwa na mvutano usawa huo una njia chache ajabu, kama Roger Penrose alivyosisitiza. Entropia inaeleza kwa nini mambo yanaelekea yanakoelekea. Kwa nini yalianzia pale, haielezi, na anayeifanya msingi wa kila kitu anawajibika kulibeba swali hilo.

Tumebaki na tarakimu moja iliyo mkononi: moja ya nne ya eneo. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walihesabu njia za ndani za aina maalumu ya shimo jeusi katika nadharia ya nyuzi, wakapata robo hiyohiyo bila kuilazimisha. Shimo lao si la aina tunayoiona angani, na nadharia yenyewe haijapata jaribio. Lakini hiyo ni mara ya kwanza mtu kuhesabu kete zenyewe na kukuta zinalingana na daftari. Tuko pale walipokuwa mafundi wa Cornwall. Aliyefungua kufuli la kihesabio kila mwezi, akaandika mapigo, pauni na busheli, hakujua kwamba anawaandikia watu watakaogundua atomu. Alijua tu kwamba tarakimu zina mpangilio na kwamba ngazi huenda ina mwisho. Ilichukua miaka karibu 100, tangu ripoti ya kwanza ya Lean hadi vipimo vya Perrin, kufahamu kilichokuwa kikihesabiwa ndani ya silinda. Tangu Bekenstein airudishe ile chai ya Wheeler, imepita nusu karne tu.